Mwekezaji anataka kukodi magofu yetu: tukubali au tukatae?

Swali la msomaji: "Mtaalamu, salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati ya wenyeji inayotunza eneo la kale. Tuna magofu, jengo moja kubwa la ghorofa ambalo kuta na paa lake bado vipo, mahali pa ibada panapotumika hadi leo, na nyumba za zamani zinazokaliwa na familia. Amekuja mwekezaji anataka kukodi eneo lote kwa miaka 30. Atafungua hoteli ndani ya jengo kubwa, ataandaa harusi na matamasha kwenye magofu, na atatoza kiingilio. Wazee wanasema urithi hauuzwi. Vijana wanasema hawana kazi na kuta zinaanguka. Tufanye nini?"

Ndugu mjumbe, umefanya vyema kuandika kabla ya saini. Maswali ya namna hii mara nyingi huulizwa baada ya mkataba kufungwa, na hapo yanabaki machache ya kufanya.

Msimamo wangu nautoa mapema. Msimfukuze mwekezaji, na msimkodishe eneo lote. Mpeni sehemu inayoweza kubeba shughuli zake, kwa masharti mtakayoyaandika nyinyi, na funguo za sehemu nyingine zibaki mikononi mwenu. Wazee na vijana wenu wanabishana kama biashara iwepo au isiwepo. Mambo yanayoamua kama eneo litapona ni mengine: fedha inayopatikana inarudi wapi, na nani ana mamlaka ya kusema "leo hapana" akasikilizwa.

Nianze na wazee. Kauli kwamba urithi hauuzwi naiheshimu, lakini kukataa biashara peke yake hakuhifadhi kitu. Jengo la kale likifungwa na kuachwa halibaki lilivyo. Paa likianza kuvuja, maji huingia ndani ya unene wa ukuta, chokaa hulainika, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza mahali ambapo jicho halifiki. Siku nyufa zinapoonekana kwa nje, uharibifu umeshakaa miaka mingi. Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, baadaye ikawa makumbusho, nayo imo katika Mji Mkongwe ulioingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka huku ukarabati ukiwa umeshaanza, na watu wawili wakapoteza maisha. Haikuangushwa na watalii. Matengenezo yalichelewa, na jengo la umri ule halisubiri. Kwa hiyo mzee anayesema "liacheni" aulizwe kwa upole na kwa heshima zote: fedha ya paa itatoka wapi mwaka huu, na mwaka ujao?

Vijana nao wasidhani kwamba wageni wakija, kuta zinapona. Pompeii, magofu ya mji wa kale wa Warumi kule Italia, ilikuwa ikipokea wageni zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, na bado asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2010 jengo maarufu lililojulikana kama nyumba ya wapiganaji likaanguka na kuwa kifusi. Milango ilikuwa wazi, watu wamejaa, mapato yanaingia, lakini kazi ndogo ndogo za kila siku zilikuwa zimeachwa: kuzibua mifereji, kuziba ufa mwembamba, kung'oa mizizi, kuondoa maji yaliyotuama nyuma ya kuta. Ukaja kuhitajika mradi wa euro milioni 105, uliosaidiwa na Umoja wa Ulaya, kurudisha hali. Tangu Novemba 2024 wanaoingia humo hawaruhusiwi kuzidi 20,000 kwa siku. Umaarufu haujengi ukuta. Fundi ndiye anayejenga, na fundi hulipwa kwa bajeti iliyotengwa kwa kazi hiyo na isiyoguswa kwa kazi nyingine.

Sasa tuje kwenye fedha, na hapa nitakaa kidogo.

Mwekezaji wenu atawaonyesha makadirio ya mapato. Yapokeeni, kisha mwambieni awaonyeshe njia ambayo shilingi moja ya kiingilio itapita tangu mlangoni hadi kwa mwashi. Kama njia hiyo haipo kwenye karatasi, haitakuwepo baadaye. Ipo mifano ya njia hiyo kuwekwa wazi tangu mwanzo. Mwaka 1972 hazina za Tutankhamun, farao wa Misri ya kale, zilionyeshwa London na watu zaidi ya milioni 1.6 wakalipa kuziona. Faida ilipelekwa kuokoa mahekalu ya Philae, yaliyokuwa yakizama kwenye maji ya mabwawa ya Aswan. Leo mahekalu hayo yamesimama kwenye kisiwa cha jirani. Ile ilikuwa biashara kamili, yenye tiketi na foleni, na waliosimama kwenye foleni walijua fedha yao inakwenda kufanya nini. Huko Hoi An, mji wa kale wa Vietnam ulioorodheshwa mwaka 1999, sehemu ya mapato ya tiketi hutumika kuwasaidia wenye nyumba kukarabati nyumba zao. Huo ndio mfano ninaopenda muutazame zaidi, kwa sababu nyinyi pia mna familia zinazoishi ndani ya urithi. Familia hizo zinazuiwa kubadili madirisha, zinazuiwa kuongeza ghorofa, zinapigwa picha kutwa, na paa bado linawavujia. Kama tiketi haiwafikii, kuna siku watauza nyumba na kuondoka, na sitawalaumu.

Venice inaonyesha mwisho wa njia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kisiwa chake cha kihistoria kilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Sasa hawafiki 50,000. Kuta zipo, madaraja yapo, makanisa yanang'aa. Nyumba zimekuwa vyumba vya wageni. Mwaka 2021 serikali ilizizuia meli kubwa za kitalii kupita mbele ya mji, na Aprili 2024 ikaanza kutozwa euro 5 kwa wageni wa kutwa katika siku za msongamano. Hatua zote mbili nazikubali, ila zimekuja baada ya wenyeji wengi kuhama, na hakuna ada inayomrudisha aliyekwisha kuuza.

Kuhusu mgawo wenu: msikubali asilimia ya faida. Kubalini asilimia ya mapato ghafi, yaani ya kila kinachoingia kabla ya gharama kutolewa. Faida inaweza kufanywa ipotee kwa mahesabu halali kabisa: mkopo kutoka kampuni mama, ada ya usimamizi, samani zilizonunuliwa kwa bei ya juu. Mapato ghafi ni magumu kufichwa, hasa tiketi zikiwa za namba na mkiwa na mtu wenu mlangoni. Sehemu ya mgawo huo iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya matengenezo, isipite kwanza kwenye mfuko wa jumla wa kamati. Nasema hivi nikijua kamati nyingi zina watu waaminifu. Lakini mfuko wa jumla una mahitaji ya dharura kila wiki, na ukuta haupigi kelele.

Pili ni suala la mipaka, na mfano wake ulio wazi kuliko yote ni pango la Lascaux huko Ufaransa. Michoro yake ilidumu kama miaka 17,000 gizani. Pango liligunduliwa mwaka 1940, likafunguliwa kwa umma mwaka 1948, na kufikia mwaka 1963 likalazimika kufungwa. Hakuna aliyeichora upya wala kuikwaruza. Watu walikuwa wakipumua tu. Pumzi zao, joto la miili yao na unyevu viliotesha mwani wa kijani ukutani na kuzalisha utando mweupe wa madini juu ya rangi. Miaka 15 ilitosha. Ufaransa ikajenga nakala, iliyofunguliwa mwaka 1983 karibu na pango lenyewe, na nyingine kubwa zaidi mwaka 2016. Pango la Chauvet lilipogunduliwa mwaka 1994 hawakurudia kosa: halikufunguliwa kwa umma hata siku moja, na wageni wanalipa kuona nakala iliyofunguliwa mwaka 2015. Wageni bado wanakuja, na mji bado unapata kipato.

Magofu yenu si pango, yanavumilia zaidi, lakini yana kikomo chake na kikomo hicho lazima kijulikane kabla ya biashara kuanza. Namna ya kukipata si ya ajabu. Tafuteni sehemu dhaifu kuliko zote ambayo mgeni atapita: ngazi nyembamba, sakafu ya ghorofa, kizingiti kilicholika. Sehemu hiyo inabeba watu wangapi kwa wakati mmoja bila kutikisika na bila watu kuegemea lipu ya zamani? Idadi hiyo ndiyo inayotawala eneo zima. Katika hekalu la kale la Angkor Wat huko Kambodia, wanaopanda mnara wa juu huruhusiwa 100 tu kwa wakati mmoja; wengine husubiri chini. Mapango ya Mogao nchini China yana njia ambayo mimi naiona bora zaidi: tangu mwaka 2014 mgeni huanzia kwenye kituo kilicho mbali na mapango, hutazama filamu mbili zinazomweleza kila kitu kwa utulivu, ndipo hupelekwa kuona mapango machache kwa muda mfupi, na wageni wa tiketi kamili hawazidi 6,000 kwa siku. Mgeni anaondoka akiwa ameelewa zaidi kuliko angeachwa azurure, na ukuta umepumuliwa kidogo.

Kikomo kisipofungwa kwenye vipimo, biashara hukisukuma. Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka huko Peru, uliwekewa idadi ya juu ya wageni kwa siku, lakini idadi hiyo imekuwa ikipandishwa. Mwaka 2024 ikafika 4,500, na hadi 5,600 kwa siku maalumu za msimu. Kwenu iandikwe kwamba idadi itabadilishwa kwa matokeo ya ukaguzi wa mwaka wa hali ya kuta na sakafu. Wingi wa wanaotaka kuja usiwe hoja.

Harusi na matamasha, kwa kifupi: yasiwe ndani ya magofu. Mtetemo wa spika, vigingi vya mahema, magari ya vifaa, nyaya, na watu waliofurahi wasiojua wanakanyaga nini ni hatari isiyo na sababu. Hapo hapo Machu Picchu, mwezi Septemba 2000, winchi iliyotumika kupiga tangazo la bia iliangukia jiwe takatifu la Intihuatana na kuvunja kipande cha kona yake. Jiwe lile lilikuwa limepita salama katika karne zote tangu zama za Wainka. Mwekezaji akitaka sherehe, apewe uwanja wa pembeni ambako magofu yanaonekana kwa nyuma. Picha zitapendeza vile vile.

Mahali pa ibada pasiingizwe kwenye mkataba kabisa, hata kwa kifungu kidogo. Msikiti Mkuu wa Djenné nchini Mali ulifungiwa wasio Waislamu baada ya jarida la mitindo kupiga picha za wanamitindo humo mwaka 1996. Imani ya wenyeji ilivunjwa, na wageni wote waliofuata wakaulipia uvunjaji huo. Tazama pia kanisa kuu la Notre-Dame la Paris. Baada ya moto wa Aprili 2019 zilichangwa euro zaidi ya milioni 800. Ilipokaribia kufunguliwa tena mwaka 2024, waziri wa utamaduni alipendekeza kiingilio cha euro 5 ili fedha hiyo itunze makanisa mengine yanayoharibika. Kanisa likakataa: anayekuja kusali na anayekuja kutazama waingie kwa mlango ule ule, bure. Hoja ya waziri ilikuwa ya uhifadhi, na ilikuwa nzuri. Hata hivyo naungana na Kanisa, kwa sababu mahali pa sala pakishawekewa tiketi, mwenyeji naye huanza kuhesabiwa kama mteja.

Je, inawezekana wenyeji wakakodisha na bado wakabaki na sauti? Inawezekana, na mfano upo. Uluru, mwamba mkubwa wa Australia, ulirudishwa rasmi kwa Waanangu, wenyeji wake wa asili, tarehe 26 Oktoba 1985. Wao wakaikodishia serikali eneo hilo kama hifadhi kwa miaka 99. Miaka 99! Lakini angalia masharti: wanapata kodi ya kila mwaka pamoja na robo ya mapato ya viingilio, na wenyeji ndio wengi kwenye bodi ya usimamizi. Kwa miongo mingi waliwaomba wageni wasiupande mwamba, kwa kuwa njia ile ni ya mapito matakatifu, na wengi waliendelea kupanda. Mwaka 2017 bodi iliamua, na tarehe 26 Oktoba 2019 upandaji ukakoma. Wafanyabiashara wa utalii walikuwa na hofu zao, lakini wenye kura nyingi walikuwa wenyeji. Kwa hiyo miaka 30 ya mwekezaji wenu hainitishi kama namba. Kinachonitisha ni kwamba, kwa maelezo yako, baada ya saini hamtakuwa na mahali popote pa kupigia kura.

Limebaki jengo kubwa na hoteli, na hapa nakuomba uwasomee wenzako kwa makini.

Adui wa jengo la mawe na chokaa ni maji, na hoteli ni biashara ya maji. Kila chumba kitataka bafu. Kila bafu litataka mabomba yanayotoboa kuta nene, sakafu ya zege juu ya boriti zilizopangwa kubeba mbao na watu wachache, na vigae vinavyoficha uvujaji hadi dari ya chini ianguke. Viyoyozi vitadondosha maji kwenye lipu ya nje. Kisha atakuja fundi wa haraka na saruji. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu, na jiwe huanza kumomonyoka kutoka ndani huku uso ukionekana mpya. Nimeona majengo mengi yaliyouawa na ukarabati kuliko yaliyouawa na mvua.

Hata nje ya kuta, maji yana mambo yake. Pembezoni mwa Angkor, hoteli nyingi zilichimba visima vyao, na wataalamu wakaingiwa na hofu kwamba kushuka kwa maji ya ardhini kungelegeza mchanga ulioyabeba mahekalu. Mwulizeni mwekezaji maji ya vyumba vyake yatatoka wapi na majitaka yataelekea wapi. Jibu lisilo na mchoro si jibu.

Mkodishieni jengo kwa matumizi makavu: makumbusho, maktaba, ofisi, karakana, mkahawa ambao jiko lake liko nje. Vyumba vya kulala avijenge upya, vya chini, mbali na magofu, nje ya mandhari yake. Msidhani mandhari ni jambo dogo. Bonde la Elbe huko Dresden lilifutwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2009 kwa sababu ya daraja jipya, na Liverpool ikafutwa mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya bandarini. Majengo ya kale yenyewe yalikuwa yamesimama.

Kuna mlango mwingine wa kushirikiana na tajiri bila kumpa funguo, nao ni ufadhili. Kampuni ya viatu ya Tod's iliahidi euro milioni 25 kusafisha na kukarabati Colosseum ya Roma. Ikapata jina, na Colosseum ikabaki mali ya umma chini ya wasimamizi wale wale. Kama mwekezaji wenu anasema anaupenda urithi huu, mpeni nafasi hiyo pia achague.

Na kazi za vijana? Hoteli itawapa baadhi yao kazi, sikatai. Lakini ajira ambayo eneo lenu linaweza kuwapa na hakuna mwingine awezaye ni ya ufundi wenyewe: kuchoma chokaa, kuchonga mawe, kuunga mbao bila misumari, kusoma ufa. Makaburi ya mawalii ya Timbuktu yalipobomolewa na wapiganaji mwaka 2012, waashi wa mji ule ndio walioyainua tena, na kufikia mwaka 2015 kazi ilikuwa imekamilika. Waliweza kwa sababu ujuzi ulikuwa bado mikononi mwa familia zao. Huko Japani, madhabahu ya Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho mwaka 2013, na kwa mzunguko huo seremala kijana hujifunza kwa mzee angali hai. Wekeni kwenye mkataba kwamba kila kazi ya ukarabati itakuwa na wanagenzi kutoka kwenu, wanaolipwa, chini ya mafundi wazee wanaotambuliwa. Hapo hoja ya wazee na hoja ya vijana zinakutana kwenye jukwaa moja la mwashi.

Kabla ya kikao kijacho, mwombeni mwekezaji jambo moja: agharimie uchunguzi wa hali ya jengo, utakaofanywa na mhandisi na mtaalamu wa mambo ya kale mtakaowachagua nyinyi, pamoja na picha na vipimo vya kila ukuta kabla hajagusa chochote. Ripoti iwe yenu. Kisha aweke dhamana benki, ya kiasi kinachoweza kurekebisha uharibifu, isiyotolewa hadi mkataba uishe. Muda wa kwanza uwe miaka 5, unaoongezwa kwa matokeo ya ukaguzi. Akikubali hayo, ketini naye, kwa kuwa amejua anachokodi. Akisema uchunguzi usubiri hadi baada ya saini, msisaini. Litangazeni jengo peke yake kwa waombaji wengine, pelekeni ombi kwa idara inayosimamia mambo ya kale katika nchi yenu, na fedha yoyote mtakayoipata wakati mkisubiri, hata ikiwa kidogo, iende kwenye paa na mifereji yake kabla ya mvua.